Katibu Aliyeketishwa na Katibu Mahsusi: Uchambuzi wa Kisa cha Neno “Secretary”

Nafundisha Kiingereza kwa Wachina watu wazima jijini Dar es Salaam. Wengi ni wahandisi, wahasibu na watu wa utawala katika kampuni za ujenzi, na tunasoma jioni, kazi zikishaisha. Kisa hiki kilimpata mmoja wao, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Nimekiandika kwa ajili ya walimu wenzangu, wakalimani, na yeyote anayepokea wageni ofisini akiwa na orodha ya majina mkononi. Kampuni sitaitaja, wala taasisi iliyowapokea wageni. Mambo yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyabadilisha. Mwanafunzi mwenyewe, ambaye nitamwita Xiao Chen, alikubali kisa chake kisimuliwe.

## Usuli

Xiao Chen alifika nchini miezi michache baada ya kumaliza chuo kikuu. Kazini alikuwa kijana wa ofisi ya utawala: kupokea wageni uwanja wa ndege, kuandaa barua, kufuatilia vibali, kutafsiri pale anapohitajika. Kiingereza chake cha kuandika kilikuwa kizuri kuliko cha kuzungumza. Sarufi aliijua vilivyo, na msamiati aliubeba kama wanafunzi wengi wa kwao, yaani kwa orodha: neno la Kiingereza upande huu, la Kichina upande ule. Kiswahili alikiokota kwa madereva na mafundi, na kilikuwa kizuri kuliko alivyodhani mwenyewe.

Katika orodha hizo, “secretary” hupewa maana mbili zilizotenganishwa na nukta-mkato: 秘书, yaani mishu, na 书记, yaani shuji. Kwa Mchina hayo ni maneno mawili ambayo hata mtoto hayachanganyi. Mishu ni mtu wa ofisini, anayeandika barua za mkubwa wake, kupanga ratiba yake na kupokea simu zake. Shuji, kwa matumizi ya leo, ni kiongozi wa chama: katibu wa tawi au wa kamati ya Chama cha Kikomunisti cha China. Yupo wa kijiji, yupo wa mkoa, yupo wa chuo kikuu, yupo wa kampuni ya umma. Mkoani, shuji ndiye namba moja na gavana humfuata. Jijini, meya yuko chini yake. Ukimchukua shuji ukamwita mishu, umemshusha ngazi zote kwa mkupuo mmoja.

Miezi kadhaa kabla ya kisa tulikuwa na somo la kazi za watu. Nilitumia picha: mwanamke mezani, simu sikioni, daftari mbele yake, na chini ya picha neno “secretary”. Darasa zima likaandika mishu, tukasonga mbele. Kazi ya nyumbani ilikuwa kuandika sentensi tano kuhusu kazi za ndugu zao. Xiao Chen aliandika kwa Kiingereza kwamba mjomba wake ni “secretary” wa kijiji chao na kwamba watu wote wanamwogopa. (Baadaye nilijua ni baba yake mkubwa. Kiingereza kina “uncle” tu, wakati Kichina, kama Kiswahili, kinawatenganisha.) Nikaweka alama ya vema. Nakumbuka nilijiuliza kidogo karani wa kijiji anaogopwa kwa lipi, lakini sikumuuliza. Kisa kizima kilikuwa kimelala ndani ya sentensi ile, nami nikaipitisha.

## Yaliyotokea

Ujumbe wa watu watatu ulikuja kutoka makao makuu ya kampuni. Kiongozi wake alikuwa katibu wa kamati ya chama ya kampuni, nitamwita Bwana Wu. Alifuatana na naibu meneja mkuu na mhandisi mkuu, na Xiao Chen akapewa kazi ya kuwatafsiria. Siku moja ya ziara ilitengwa kwa chuo cha ufundi ambacho kampuni ilitaka kushirikiana nacho kufundisha vijana kuchomelea vyuma na kusoma ramani za ujenzi. Hati ya makubaliano ilikuwa isainiwe siku hiyohiyo.

Chuo kiliomba orodha ya wageni na vyeo vyao kwa Kiingereza. Xiao Chen aliwapanga kwa ukubwa wa cheo, kama orodha za Kichina zinavyopangwa, mkubwa juu. Mbele ya jina la Bwana Wu aliandika neno moja tu, “Secretary”. Mbele ya wale wengine aliandika vyeo vyao kamili.

Afisa itifaki wa chuo aliipokea orodha, akaisoma kwa vyeo na si kwa mpangilio. Akamweka naibu meneja mkuu kwanza, mhandisi wa pili, na Bwana Wu wa mwisho. Bango likachapishwa na kutundikwa nyuma ya meza kuu, likimtaja naibu meneja mkuu kuwa kiongozi wa ujumbe.

Siku ilipofika, Xiao Chen alikuwa gari la nyuma pamoja na zawadi. Wageni wakaingia ukumbini kabla yake. Bwana Wu akaelekezwa kwa heshima zote kwenye meza ndogo ya pembeni, alipokuwa ameketi katibu mahsusi wa mkuu wa chuo, mama wa makamo. Mbele ya kiti chake palikuwa na daftari jipya na kalamu, ili achukue kumbukumbu za kikao kwa upande wa wageni. Akaketi. Hakusema neno. Mama yule alimsalimia, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mwishoni wangelinganisha walichoandika, naye, ambaye Kiingereza hakijui, akatabasamu na kuitikia kwa kichwa.

Naibu meneja mkuu alikataa kukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha katikati, akinyoosha mkono kuelekea meza ya pembeni. Wenyeji wakadhani ni unyenyekevu. “Karibu, karibu, keti tafadhali,” na kadiri alivyokataa ndivyo walivyomsihi. Mwishowe aliketi, uso umemwiva.

Hapo ndipo Xiao Chen alipoingia. Aliona bango, akaona daftari, akaona kalamu. Akaweka zawadi chini, akatoka kwenye korido, akanipigia simu.

“Mwalimu, samahani sana. Kwa Kiingereza, ‘secretary’ ni mtu mdogo?”

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanyika siku kadhaa nyuma, na haukuwa wa Xiao Chen peke yake. Rasimu yake ya kwanza ilisema “Secretary of the Party Committee”. Mwenzake mkubwa kazini aliipitia akamwambia aondoe habari za chama, kwa kuwa ziara ni ya biashara na mambo ya chama hayaandikwi katika barua za nje. Agizo lilieleweka, naye akalitii. Akafuta maneno yaliyofuata “Secretary”, akaliacha lile la kwanza. Aliona amepunguza maelezo tu. Kumbe alichokata ndicho kilichokuwa kikibeba cheo.

Kabla ya kutuma aliligeuza neno kwenye kamusi ya simu kutoka Kiingereza kwenda Kichina, ajihakikishie. Kamusi ikampa mishu na shuji, zote mbili. Aliyekuwa akilitafuta shuji aliliona shuji, akaridhika. Hakumwonyesha mtu wa tatu orodha ile.

Afisa itifaki naye alikuwa na sababu. Nilizungumza naye baadaye. Alipoona “Secretary” juu ya orodha alidhani huyo ndiye mtu wa kuwasiliana naye, aliyejiandika wa kwanza kwa kuwa barua imetoka mezani kwake. Kwa uzoefu wa ofisi zetu, dhana hiyo si ya ajabu hata kidogo. Lakini kubadilisha mpangilio wa orodha ya mgeni bila kupiga simu moja ni jambo ambalo mwenyewe alikiri hatalirudia.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wangu, na nilipewa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Njia zilikuwa tatu. Xiao Chen aende mbele atangaze kwamba kuna kosa la tafsiri, jambo ambalo lingewaaibisha watu wote waliomo ukumbini kwa pamoja. Au asubiri mapumziko ya chai, na kila dakika ya kusubiri Bwana Wu aendelee kukaa mbele ya kalamu ile. Nilichagua ya tatu. Nilimwambia: usimweleze mtu yeyote Kiingereza. Nenda kwa yule mama wa meza ya pembeni, umnong’oneze kwa Kiswahili kwamba aliyeketi naye ni Katibu wa Chama wa kampuni nzima, na ndiye kiongozi wa msafara.

Kwa nini Kiswahili? Tanzania hakuna anayehitaji kuelezwa katibu wa chama ni nani. Na kwa nini yule mama, badala ya mkuu wa chuo? Mkuu alikuwa mbele za watu, na lolote ambalo angeambiwa lingeonekana usoni. Katibu mahsusi anaweza kumwendea bosi wake sikioni katikati ya kikao na asishangaze mtu. Ni sehemu ya kazi yake.

## Matokeo

“Kumbe ni Katibu!” Ndivyo alivyosema yule mama, Xiao Chen aliniambia, kisha akainuka hapohapo. Mkuu wa chuo aliposikia, alitangaza kwamba wageni wataanza kwa kutembelea karakana, ambayo kwenye ratiba ilikuwa ya mchana. Akashuka mwenyewe hadi meza ya pembeni, akamchukua Bwana Wu, wakatangulia wote wawili. Waliporudi, viti vilikuwa vimepangwa upya na daftari halikuwapo.

Ambacho hakikuokolewa ni bango. Picha za kusaini zilikuwa ziende makao makuu, na hazikuweza kwenda zikiwa na maandishi yale nyuma ya vichwa vya watu. Kusaini kukaahirishwa kwa siku tatu, hadi lilipochapishwa jingine. Naibu meneja mkuu ndiye aliyesaini, Bwana Wu akiwa amesimama nyuma yake, na ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Nilitarajia kwamba aliyeumia zaidi ni Bwana Wu. Xiao Chen alinisahihisha. Bwana Wu alikaa kimya, na kwa wenzake ukimya ule ulimwongezea heshima. Aliyeumia ni naibu, aliyelazimishwa kukalia kiti cha mkubwa wake mbele ya macho ya mkubwa wake. Kwa wiki kadhaa hakuzungumza na Xiao Chen isipokuwa kwa kazi. Xiao Chen aliondolewa kwenye mambo ya itifaki kwa mwezi mzima.

## Uchambuzi

### Maneno manne yaliyoanzia kwenye kalamu

Nilipokaa na Xiao Chen kuchunguza lilivyotokea kosa, tulianza na asili ya maneno. “Secretary” imetoka katika Kilatini, secretarius, mtu anayeaminiwa siri. Mishu nayo ina siri ndani yake: herufi yake ya kwanza ndiyo hiyo, na enzi za watawala wa Tang jina hilo lilihusu idara iliyotunza vitabu na nyaraka za mfalme. Shuji, kwa herufi zake, ni kuandika na kuweka kumbukumbu, na zamani lilimhusu karani. Katibu tumelipata kwa Waarabu, mwenye kuandika. Wote hawa walianza wakiwa wameshika kalamu ya mtu mwingine.

Tofauti ilikuja pale vyama na serikali zilipomchukua yule mwandishi na kumkabidhi uongozi. Kwa China mwaka unajulikana. Mkutano mkuu wa kwanza wa chama, Julai 1921, ulimchagua Chen Duxiu kuwa shuji wa ofisi kuu. Tangu hapo neno la karani likapanda hadi kileleni, na leo kiongozi mkuu wa chama huitwa zong shuji. Mishu lilibaki ofisini.

Lakini si mishu wote waliobaki chini, na hapa wanafunzi wangu hushtuka. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwa Kichina ni mishuzhang, mkuu wa mishu. Darasani huwa nawasimulia habari za mwaka 1981, China ilipotumia kura ya turufu mara 16 kumzuia Kurt Waldheim asipate muhula wa tatu, ikimuunga mkono Salim Ahmed Salim wa Tanzania, naye akazuiwa na turufu ya Marekani mpaka nafasi ikamwendea Javier Pérez de Cuéllar. Vita yote ile ya kidiplomasia ilikuwa juu ya cheo chenye neno mishu ndani yake. Sisi tunawaita Katibu Mkuu wote wawili, wa Umoja wa Mataifa na wa chama, na hatuoni mshono wowote. Kila lugha imekata kitambaa mahali pake.

### Kinachobeba cheo ni kile kinachofuata

Somo kubwa la sarufi katika kisa hiki ni kwamba “secretary” peke yake haina ngazi. Ngazi hutoka kwenye kile kilichoambatanishwa nayo. Likifuatwa na mtu, “secretary to the director”, huyo ni katibu mahsusi. Likifuatwa na chombo, “Secretary of the Party Committee”, huyo ni mwenye madaraka ndani ya chombo hicho. Wanafunzi hupenda kushika kanuni kwamba “to” ni wa chini na “of” ni wa juu, na nilipata kuifundisha hivyo mimi mwenyewe. Haishiki. “Secretary to the Cabinet” ni ofisa mkubwa sana. Kinachopaswa kuangaliwa ni nani au nini kinatajwa baada ya hapo.

Kenya inatoa mfano mzuri, kwa kuwa Katiba yake ya 2010 inavyo vyeo vyote viwili. “Cabinet Secretary” ni waziri, na redio humwita hivyo hivyo, Waziri. “Secretary to the Cabinet” ni mtendaji anayesimamia ofisi ya Baraza la Mawaziri. Maneno karibu ni yaleyale, yamepangwa tofauti, na watu wawili tofauti kabisa. Mchina anayefanya kazi Nairobi na kubeba kamusi yenye mishu na shuji hatapata msaada wowote hapo, maana hakuna hata mmoja kati ya hao anayefaa kuitwa shuji.

Cha ajabu, Wachina hao hao tayari wanajua kwamba neno hili hubadilika. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, “Secretary of State”, wanamwita guowuqing. Wa Uingereza, “Foreign Secretary”, wanamwita waijiao dachen. Hakuna mishu, hakuna shuji. Wamevikariri kama vipande vizima kwenye habari, bila kuviunganisha na neno la kwenye picha yangu. Vilevile katika makampuni: katibu wa bodi ya kampuni iliyosajiliwa kwenye soko la hisa la China huitwa dongshihui mishu, kwa kifupi dongmi, na ni ofisa wa ngazi ya juu. Ukimfikiria kuwa mpokea simu utapotea njia ileile, safari hii ukielekea upande wa pili.

### Picha yangu

Picha ile ilikuwa na makosa zaidi ya moja. Ilifunga neno kwenye kazi moja na jinsia moja. Isitoshe, ilikuwa ya zamani: huko Marekani chama kikubwa cha watu wa kazi hiyo kiliacha kutumia neno “secretary” katika jina lake tangu 1998, na matangazo mengi ya kazi sasa husema “administrative assistant” au “executive assistant”. Hata hapa kwetu, katibu mahsusi wa serikalini siku hizi huajiriwa kwa jina la Mwandishi Mwendesha Ofisi, ingawa mitaani bado ni sekretari, na waliosomea kazi hiyo Tabora bado wanakiita chuo chao Chuo cha Uhazili.

Jambo jingine lilijitokeza tulipozungumza. Xiao Chen alisema asingethubutu kumwandika mtu yeyote mishu kwa Kichina bila kufikiri mara mbili, kwa sababu lile umbo lake la mtaani, xiao mi, lina harufu mbaya na huashiria mwanamke anayewekwa ofisini kwa sababu zisizo za kazi. Kumbe tahadhari anayo. Anaijua hatari ya neno katika lugha yake, na hakuwa na njia ya kuihisi katika Kiingereza kwa sababu nilimpa neno likiwa limenyooka, halina kivuli chochote. Tangu hapo sifundishi jina la cheo kwa picha. Nafundisha kwa maswali: huyu anapokea maagizo kwa nani, nani anapokea maagizo kwake, na jina lake likisomwa ukumbini aketi wapi? Wanafunzi hupenda swali la tatu kuliko yote. Wanachora meza, wanagombania viti, na Kiingereza kinawatoka chenyewe.

### Kilichofaa, na ambacho bado

Kupita kwenye Kiswahili kulifaa kwa sababu Tanzania na China zina cheo kinachofanana: nchi ambako chama kina katibu wa tawi, wa wilaya na wa mkoa, na watu wanajua uzito wake. Kiingereza kilikuwa kichochoro chembamba kati ya nyumba mbili zinazojuana. Kama Xiao Chen angetuma orodha yake kwa Kiswahili, na kuandika Katibu wa Kamati ya Chama, kusingekuwa na kisa. Njia hiyo isingefaa kila mahali. Chuo kile kingekuwa katika nchi isiyo na makatibu wa chama wa namna hiyo, kunong’ona kwetu kusingesaidia kitu.

Kwa safari za ujumbe, tumepata dawa rahisi. Kila orodha anayotuma sasa huanza na mstari wa “Head of Delegation”, kisha jina, kisha cheo kama kipo. Mstari huo hauna chama ndani yake, kwa hiyo mwenzake mkubwa haukatai, na hakuna afisa itifaki atakayeupeleka meza ya pembeni. Namba za mpangilio nazo huziandika wazi kwa tarakimu, na barua humalizia kwa kusema kwamba majina yamepangwa kwa ngazi.

Kwa wale wanaoishi hapa dawa hiyo haifanyi kazi. Shuji wa mradi anayekaa Dar es Salaam miaka mitatu si kiongozi wa ujumbe wowote. Kampuni haitaki chama kitajwe, na “Secretary” tupu imeshaonyesha ilivyo. Tulijaribu “Deputy Director”, lakini hicho si cheo chake, na mhasibu Mtanzania akauliza mbona malipo yake hayapitii ngazi hiyo. Mara ya mwisho Xiao Chen alinionyesha kadi mpya za mkubwa wake wa mradi. Upande wa Kichina jina na cheo vimekamilika. Upande wa Kiingereza kuna jina na namba ya simu, na chini ya jina pameachwa nafasi.